Kukagua boksi la fyuzi kuukuu katika nyumba za Mji wa Kale wa Lamu

Vichochoro vya Mji wa Kale vinatosha watu na punda. Gari la zimamoto halipenyi. Dari ni za boriti, na orofa nyingi za juu zimeezekwa makuti. Boksi la fyuzi likishika moto hapa, huna jirani mmoja wa kumwomba radhi, una mtaa mzima. Mwongozo huu ni wa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Kama huna leseni, hatua ya kwanza inakuhusu, nyingine mwachie fundi mwenye leseni.

Hatua ya 1: Uliza, nusa, tazama

Muulize mwenye nyumba: "Mama, ukiwasha pasi na birika pamoja, taa hufifia? Fyuzi ipi hukatika kila mara, na nani huirudisha?" Jibu la swali la mwisho lina mengi.

Kisha nusa. Plastiki ya zamani ikipata joto hunuka kama samaki aliyechacha au mkojo, na Lamu harufu hiyo husingiziwa jikoni au punda wa jirani. Tazama pia boksi limekaa wapi. Likiwa dakani (ukumbi wa kuingilia) juu ya mlango pekee wa kutokea, au limegusana na boriti, au limefichwa ndani ya kabati la mbao lenye nakshi, hatari imeshapanda hata kama ndani ni safi.

Kifuniko kikiwa bado mahali pake, omba vyombo vinavyokula umeme mwingi viwashwe nusu saa, upime joto la nje kwa kipimajoto cha infraredi. Breka yenye joto kuliko wenzake wanaobeba mzigo kama wake, iandike.

Hatua ya 2: Zima, hakikisha

Zima swichi kuu na uifunge asije mtu akaiwasha. Jaribu kipima volti penye umeme unaoujua, pima ndani ya boksi, halafu kijaribu tena palepale pa mwanzo. Tesa ya bisibisi haitoshi. Nyaya nene zinazotoka kwenye mita hadi swichi kuu zina umeme hata swichi ikiwa chini. Zikihitaji kuguswa, waite Kenya Power. Sili yao haivunjwi.

Hatua ya 3: Skrubu

Muda wako mwingi uishie hapa. Mafundi wengi hukimbilia kuangalia kama breka ni mpya, ilhali moto wa boksi mara nyingi huanzia kwenye kiungo kilicholegea. Kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.1 kikipitisha ampea 20 hutoa wati 40 za joto, sawa na kuisahau pasi ya kulehemu ikiwaka ndani ya plastiki. Na breka haitakatika, maana umeme unaopita haujazidi. Hewa ya chumvi huharakisha mambo: shaba hupata kutu ya kijani, mgusano hudhoofika, joto huongezeka.

Tafuta ganda la waya lililogeuka kahawia na kukakamaa, skrubu iliyobadilika rangi, plastiki iliyovimba, na vidoa vyeusi kwenye basbaa (kipande cha chuma kinachogawa umeme kwa breka) pale breka inapoishika. Vuta kila waya taratibu. Waya ulioungua usikazwe tu juu kwa juu: kata hadi ufike shaba inayong'aa, ufunge upya, ukaze kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Mdomo wa breka ukiwa umeungua, badilisha breka.

Hatua ya 4: Fyuzi za kufungwa waya

Rangi za alama kwenye vishikio vyake: nyeupe ampea 5, buluu 15, njano 20, nyekundu 30. Waya wa fyuzi ya 15 una unene wa milimita 0.5 tu. Ukikuta nyuzi za shaba zilizochomolewa kwenye kebo na kusokotwa, hesabu kwamba hapo hapana fyuzi. Fuata kebo pia. Ya taa, ya milimita mraba 1.5, haina kazi kwenye fyuzi ya 30. Vishikio vya zamani huweza kuwa na utambi mweupe wa asbesto. Usivipulize vumbi wala kuvisugua.

Hatua ya 5: Matundu

Tundu lililo wazi huingiza mijusi na chumvi, na moto ukiwaka ndani hutokea nje hapo hapo. Ziba.

Hatua ya 6: Vipimo

Pima ukinzani wa ganda la nyaya kwa volti 500 za DC. Chini ya megaohmu 1 haikubaliki. Umeme ukisharudi, RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 ikatike ndani ya milisekunde 300. Kama haipo, andika haipo.

Hatua ya 7: Uamuzi

Uingereza, tangu Januari 2016, kanuni za ufungaji umeme za BS 7671 zinataka maboksi mapya ya majumbani yawe na ganda lisiloungua, kama chuma. Hazikuagiza kila la plastiki ling'olewe, na mimi naona ni sawa. La plastiki lililo zima, skrubu zimekaza, limekaa mahali salama: liache, pendekeza libadilishwe. Lililo juu ya mlango pekee au chini ya boriti: nasisitiza libadilishwe. Penye alama ya kuungua, saketi hiyo izimwe siku hiyohiyo, hata mwenye nyumba akinuna.

Chuma nacho kina sharti. Kwenye mchanga mkavu, kama wa kijiji cha Shela, nondo ya ardhi (fimbo ya chuma ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) mara nyingi haipitishi umeme vizuri. Hapo laivu (waya wenye umeme) ikigusa ganda la chuma, boksi zima linakuwa na umeme. Pima ardhi kabla ya kuagiza boksi. Ripoti iwe na picha mbili, kifuniko kikiwa kimefungwa na kikiwa kimefunguliwa, na nakala abaki nayo mwenye nyumba, si mpangaji peke yake.