Mgeni wako yuko Marekani kwa viza ya matembezi? Namna ya kumwambia siku ya kuondoka bila kuleta ugomvi

Kama unaishi huku Marekani na umemwalika mama, shangazi au shemeji aje kukusalimia, kuna kazi moja ni yako peke yako, nayo ni kumwambia siku yake ya mwisho ni lini. Usitegemee serikali impigie simu kumkumbusha. Na yeye kichwani ana tarehe iliyoko kwenye viza ndani ya pasipoti, ambayo wala sio yenyewe.

Hapo ndo wengi wanapotea. Ile viza ni ruhusa ya kupiga hodi tu. Muda wa kukaa anaupanga ofisa wa CBP (idara ya forodha na ulinzi wa mipaka) pale eapoti mgeni anapoingia, na kwa mtu wa B-2, yaani hiyo viza ya matembezi, mara nyingi anapewa miezi 6, ila sio lazima, anaweza kupewa pungufu. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na viza ambayo bado iko hai kabisa huku muda wake wa kukaa ulishapita, na mwingine viza yake ikaisha akiwa hapa hapa sebuleni kwako na hana kosa lolote.

Tarehe yenyewe iko kwenye I-94, ile rekodi ya serikali ya kuingia na kutoka kwake. Kesho yake akishapumzika, chukua pasipoti yake, ingia i94.cbp.dhs.gov, jaza majina kama yalivyoandikwa kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na nchi, halafu tafuta mstari wa Admit Until Date. Ndo hiyo. Printi, mpe nakala, nyingine bandika kwenye friji, na kwenye simu weka alamu ya miezi miwili kabla. Ukikuta tarehe ni fupi kuliko ulivyotegemea angalia kwanza kama pasipoti ilikuwa inakaribia kuisha, maana hiyo nayo inaweza kukata muda.

Sasa kumwambia. Sema wiki ya kwanza, wakati bado mnafungua mabegi na dagaa wanatolewa, kwa sababu ukingoja mpaka afikishe miezi mitano hapa itaonekana umemchoka na habari itafika kijijini kabla yake. Kama ni mkwe wako usiseme wewe, mwenzio aongee na mzazi wake. Tarehe iwe ya serikali, isiwe yako, na maneno yaelekee nyumbani, kitu kama: "Mama, nimeangalia karatasi zako, wenyewe wa hapa wamekuandikia mwisho tarehe 14 mwezi wa tisa. Nataka nikukatie tiketi ya mwisho wa mwezi wa nane tusije tukabanwa, kuna shughuli yoyote nyumbani unataka kuiwahi?" Hapo mnaanza kuongelea harusi ya mtoto wa jirani, na tarehe imeshapita kooni.

Atakayekujibu "mbona fulani alikaa na hakufanywa kitu" mweleze taratibu. Akizidisha hata siku moja ile viza inakufa yenyewe, hata kama ilikuwa na miaka mbele, na nyingine itabidi aombe kwa kurudi kwao. Akizidisha zaidi ya siku 180 ndo akaondoka, hatoruhusiwa kuingia miaka 3. Akifikisha mwaka mzima, miaka 10. Sheria hiyo ni ya tangu 1996, haikuanza jana.

Ile ya kwenda Canada wikiendi halafu kurudi ili kuanza upya msiitegemee, safari fupi ya hivyo kwa kawaida haikupi muda mpya. Kama kweli kuna sababu, mfano mgonjwa yuko hospitali, jazeni fomu I-539 ya kuomba kuongezewa muda, ya USCIS (idara ya uhamiaji), kabla tarehe haijafika, wenyewe wanashauri angalau siku 45 kabla, na mjue ni ombi, wanaweza kukataa, na wakikataa afungashe haraka.

Halafu tuambizane ukweli bwana, mara nyingi mgeni hana shida, mwenye shida ni mwenyeji. Bibi analea mtoto, deikea bei yake mnaijua, basi kila akiuliza safari unamwambia "tutaona". Hiyo "tutaona, tutaona" gharama yake anailipa yeye, sio wewe, wewe una makaratasi yako.

Tiketi usikate ya siku ile ile ya mwisho, ndege ikighairishwa una kesi, acha nafasi ya wiki mbili hivi. Na akishafika nyumbani mwambie asitupe boarding pass, kisha wewe ingia tena kwenye ile tovuti ya I-94, sehemu ya historia ya safari, uone kama kutoka kwake kumeandikwa. Kama hakujaandikwa, hiyo boarding pass na muhuri wa kuingia Dar au Nairobi ndo ushahidi wake siku akiulizwa ubalozini.