Kabla ya Kuingia Makorongo ya Needles, Utah

Njia ya mzunguko inayounganisha korongo la Big Spring na lile la Wooden Shoe, katika eneo la Needles la hifadhi ya taifa ya Canyonlands, Marekani, ina urefu wa kilomita 12 hivi. Aliyezoea kutembea ataona huo ni mwendo wa asubuhi moja tu. Ni kweli, ilimradi awe na maji ya kutosha na mwamba uwe mkavu.

Kuhusu maji, uongozi wa hifadhi unashauri kila mtu abebe takriban lita 4 kwa siku. Hizo ni kilo 4 mgongoni, na hapo ndipo wengi hushawishika kupunguza. Nakusihi usipunguze. Hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba jasho huondoka kabla halijalowesha shati. Mtu hujiona hajatoka jasho, kumbe kola imeshaganda chumvi nyeupe. Chumvi hiyo nayo hurudishwa kwa chakula chenye chumvi, kwani maji matupu mengi nayo huweza kudhuru. Usiweke matumaini kwenye vidimbwi vya mvua vilivyomo mashimoni mwa mwamba. Hukauka upesi, na ndani yake huishi viumbe wadogo ambao mafuta ya kujikinga na jua yaliyo mkononi mwako yanaweza kuwaua.

Jambo la pili ni mvua. Kutoka korongo moja kwenda jingine unapanda na kushuka juu ya mwamba mtupu wenye mteremko mkali. Ukiwa mkavu, ukiupapasa unakwaruza kiganja kama msasa, na soli ya mpira inaushika vizuri. Ukilowa, huteleza vibaya. Kwa hiyo uliza utabiri wa hali ya hewa kwenye kituo cha wageni asubuhi ileile, na uulize wa eneo zima, maana mvua iliyonyesha mbali huweza kuleta mafuriko ya ghafla mahali ambapo anga ni jeupe. Kati ya Julai na Septemba ngurumo huja zaidi mchana, basi anza alfajiri. Utakwepa na jua kali pia. Ukikuta maji yanapita kwa kasi, kaa mahali pa juu usubiri yapungue. Anayepata kizunguzungu akiwa mahali pa juu ajipime kwanza, kwa sababu njia nyingine zipo.

Juu ya mwamba hakuna alama za nyayo. Unafuata virundo vya mawe vilivyopangwa na watunza hifadhi, kwa hiyo usivibomoe wala kujenga vyako. Chini, utaona udongo mweusi wenye vinundu vinundu. Ule ni uhai: bakteria, kuvu na mimea midogo iliyoshikamana ikazuia mchanga kupeperuka, na unyayo mmoja huweza kuchukua miaka mingi kufutika. Kanyaga mwamba au mchanga wa njia.

Mbwa hawaruhusiwi njiani. Jaza mafuta ya gari kabisa katika mji wa Moab, maana kutoka huko hadi Needles ni kilomita 120 hivi. Simu usiitegemee kupata mtandao: pakua ramani mapema, na mwachie mtu aliyebaki jina la njia na saa ambayo, usiporudi, awaite walinzi wa hifadhi.