Kijana wa kidato cha nne kaletwa karakanani kwako: anzia hapa

Mtihani wa kidato cha nne ukishaisha Novemba, wazazi wanaanza kupita karakanani. Mimi natengeneza mashine za boti hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na kila mwaka lazima aje mama na kijana mrefu kumzidi: "Fundi, huyu mwanao akaekae hapa, asije akaharibikia mtaani, mpaka matokeo yatoke." Mafundi wengi wanakataa. Wanasema watoto wa siku hizi wanatoka shule weupe. Mimi nawapokea. Wanajua mengi, ila hakuna aliyewaonyesha kwamba walichosoma ndicho hiki kilichopo juu ya benchi.

Uliza umri kwanza. Wengi wanamaliza wakiwa na miaka 17, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanywa baharia wala kuwekwa kwenye kazi ya hatari. Kwa hiyo kwenda kujaribu mashine ziwani si kazi yake, hata kama kazaliwa kisiwani Ukara na anaogelea kukushinda. Aoshe vipuri, afungue, apime, ashike daftari.

Siku ya kwanza usimpe spana. Mpe dumu lenye petroli lita 20, chupa ya oili na kopo la kupimia lenye alama. Mwambie mashine hii ya tu-stroku, ile ambayo oili yake inachanganywa ndani ya petroli, inataka 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, atie oili inayotakiwa. Ataganda. Usimcheke, mpe kalamu. Lita 20 ni mililita ngapi? Elfu ishirini. Gawanya kwa 50. "Mia nne, fundi!" Hapo sura inabadilika, maana uwiano kaanza kuufanya tangu shule ya msingi, ila siku zote ulikuwa wa machungwa ya Juma na Asha. Endelea: mashine mpya bado inazoeshwa kazi, inataka 25 kwa 1, utatia ngapi? Mia nane, tena bila kushika kalamu. Sasa apime kweli, kopo likiwa juu ya meza na jicho usawa wa alama, vilevile alivyoelekezwa kwenye somo la kemia. Halafu mweleze sababu: oili ikipungua pistoni inakwama, ikizidi plagi inashika masizi. Kuna saidia fundi wazoefu hapa mwaloni ambao mpaka leo wanakisia kwa kifuniko cha chupa.

Mtindo ni huohuo kwa kila kitu. Mfungulie pampu ya maji, mwonyeshe impela iliyokatika mabawa, kisha muulize joto la silinda litakwenda wapi kama maji hayapandi. Fizikia hiyo anayo. Wewe mwongezee ambayo kitabu hakina, kwamba magugu maji yakiziba tundu la kuingizia maji, yale maji yanayoruka pembeni mwa mashine yanakatika, na mwenye boti ana dakika chache tu za kuzima.

Na kuna jambo yeye anakuzidi. Kitabu cha mashine kimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba. Jedwali la kukazia boliti nilikuwa naliruka. Sasa kijana anasoma, mimi nakaza. Mkabidhi na daftari la kazi: mashine ya nani, tatizo gani, kimefanyika nini, kipuri gani, bei gani. Mwandiko wao ni mzuri, na ugomvi na wateja umepungua.

Penye kazi kweli ni pengine. Vijana hawa wamefundishwa kuficha. Darasani ukikosea unachekwa, au unachapwa, kwa hiyo anayenyamaza ndiye anayesalimika. Karakanani kunyamaza kunagharimu. Mmoja alilazimisha plagi ikiwa imekaa upande kwenye kichwa cha aluminiamu, nyuzi zikaliwa. Akapaka grisi, akafunika, akanyamaza. Plagi ilichomoka boti ikiwa njiani kwenda Ukerewe, na wale wavuvi walivutwa kurudi kwa kamba.

Kwa hiyo usimuulize "umeelewa?" Jibu ni lilelile, "ndiyo fundi." Jioni muulize, "Leo ni kipi hukukielewa?", na usikubali "hakuna." Weka na sheria: ukiharibu ukasema mwenyewe kabla hatujafunga, gharama ni ya karakana. Nikigundua mwenyewe, tunakatana kwenye posho. Mwezi wa kwanza sheria hii itakuuma mfukoni. Vumilia.

Wateja wakija asubuhi wana hasira, wamepoteza usiku mzima wa uvuvi. Kijana asitaje bei. Atoe shikamoo, kisha aulize: ilizima ghafla au taratibu? Maji pembeni yalikuwa yanatoka? Mafuta mlinunua wapi? Akikuletea majibu hayo, nusu ya kazi imeisha.

Chakula cha mchana na nauli mpe tangu siku ya kwanza. Ukitaka wa kutumwa chai tu, ajiri wa kutumwa chai.

Matokeo yanatoka Januari. Aliyepata nafasi ya kidato cha tano mwache aende, usimshike. Anayetaka ufundi mwelekeze chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato, na yule atakayekaa kwako miaka kadhaa ajue kwamba VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mitaani. Mkondo wa amali sekondari, yaani wa masomo ya ufundi, ulianza 2024, kwa hiyo wa kwanza watamaliza 2027. Hao huenda wakaja wameshashika vifaa. Ila kusema "sijui", nadhani tutawafundisha sisi.

Akiondoka mpe barua, na usiandike "ni kijana mwaminifu na mchapakazi", kila mtu anaandika hivyo. Andika: anafungua na kurudisha kabureta ya mashine ya nguvu farasi 15, anabadilisha impela, anachanganya mafuta bila kusimamiwa, giaboksi bado hajafungua. Weka namba yako ya simu. Mwajiri akipiga, atauliza habari za giaboksi.