Namna ya Kukisia Haiba ya Mwanasayansi Usiyewahi Kukutana Naye

Kila Jumamosi alasiri, chini ya mwembe ulio katika parseli moja ya komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi, walimu wawili wa sekondari na wanafunzi wachache wa chuo kikuu wanaotoka Kasapa hukutana ili kukisia haiba za watu waliokwisha kufa. Mtu mmoja mashuhuri wa falsafa au wa sayansi huchaguliwa mapema, kila mmoja wetu husoma habari zake juma zima kwa kadiri anavyozipata, na siku ya kikao tunabishana alikuwa mtu wa namna gani, huku munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, ukizunguka katika vikombe. Mimi ni mmoja wa wale walimu wawili. Mwaka wa kwanza tuliucheza mchezo huu vibaya, kwa kuwa kila mmoja alifika na jibu lake mfukoni, akawa anatafuta visa vya kulipamba tu. Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na kuaibishana kwetu wakati ule.

Anzeni kwa kukubaliana juu ya kipimo. Wengi hutumia zile herufi nne za kutaja aina ya haiba ya mtu, kama INTJ au ENFP, bila kujua zimetoka wapi. Mzizi wake ni daktari wa Uswisi, Carl Jung, ambaye mwaka 1921 alichapisha kitabu kirefu juu ya aina za watu, akiwatenga wale ambao nguvu ya nafsi yao huelekea ndani na wale ambao nguvu hiyo huelekea nje, kisha akataja njia nne za kuupokea na kuupima ulimwengu: kufikiri, kuhisi, kutegemea milango ya fahamu, na kile kipawa cha kuling'amua jambo kabla hujaweza kulieleza. Baadaye Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, ambao hawakusomea saikolojia, waliyageuza mawazo hayo kuwa dodoso linalotoa aina 16. Kasoro yake kubwa ni kwamba humtupa kila mtu upande huu au ule wa mstari, ilhali wengi wetu tumesimama karibu na mstari wenyewe, na ndiyo sababu watu wasio wachache wakilijibu tena baada ya majuma machache hupata herufi nyingine. Wanasaikolojia wa leo hupendelea ngazi tano, na juu ya kila ngazi mtu huwekwa mahali pake: udadisi, bidii na mpangilio, uchangamfu kati ya watu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Ninashauri ngazi hizi tano zifanye kazi, na herufi nne ziachwe za kutaniana wakati wa kuagana.

Kabla ya kumgusa marehemu yeyote, ujihadhari na maneno yanayomfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba zao na kuwaomba wayape alama kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyokuwa ya kweli. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo akawafunulia kwamba wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, na kwamba sehemu kubwa aliitoa katika kitabu cha unajimu. Sisi tumejitungia mtihani mdogo kutokana na kisa hicho: sentensi yoyote iliyoandikwa kuhusu Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, husomwa tena kwa sauti, jina lake likiwa limebadilishwa na kuwekwa la jirani yetu auzaye makala, yaani mkaa, kando ya barabara. Tukisoma kwamba "alipenda utulivu lakini aliwajali sana rafiki zake" na jirani naye akaenea humo bila taabu, sentensi inafutwa. Tukisoma kwamba alitumia miaka minane, tangu 1846 hadi 1854, akichunguza viumbe vidogo vya baharini vinavyojibandika kwenye miamba na kwenye matumbo ya meli, jirani haenei, na sentensi inabaki.

Kazi inayofuata ni kupima vyanzo, na hapa ndipo muda mwingi unapaswa kutumika. Cheo cha juu kipewe kile ambacho mtu alikiandika au alikitenda bila kufikiri kwamba kitasomwa na wageni: daftari, hesabu za matumizi ya nyumbani, barua kwa mke au kwa ndugu. Wasifu aliojiandikia mwenyewe uje chini ya hapo, na chini kabisa ziwekwe hotuba za kumsifu. Aliyewahi kukaa kwenye kilio katika mji huu hahitaji kuelezwa sababu, maana amekwisha kusikia jinsi mtu aliyekuwa na madeni katika kila duka la kartiye anavyogeuka kuwa mkarimu asiye na mfano mara tu jeneza linapofika. Hata maneno ya marehemu mwenyewe huweza kupunguzwa na wenye nyumba. Darwin aliandika kumbukumbu za maisha yake mwaka 1876 kwa ajili ya familia. Zilipochapishwa mwaka 1887, miaka mitano baada ya kifo chake, zilikuwa zimeondolewa sehemu zilizohusu dini na hukumu kali alizozitoa juu ya watu, na ilibidi kungoja hadi mwaka 1958 ndipo mjukuu wake, Nora Barlow, akazirudisha. Aliyemkisia Darwin kwa toleo la kwanza alikisia pia haya za familia yake.

Isaac Newton alitugharimu Jumamosi tatu. Katika ile ya kwanza hapakuwa na ubishi wowote: msaidizi wake wa Cambridge, Humphrey Newton, ambaye hakuwa ndugu yake licha ya jina, alieleza kwamba alimwona akicheka mara moja tu, kwamba mara nyingi alisahau kula, na kwamba wasikilizaji wa mihadhara yake walikuwa wachache hata ikawa kama anaziambia kuta. Tukaandika "kujielekeza ndani" kwa wino mzito. Jumamosi ya pili mwanafunzi mmoja alileta orodha ya dhambi ambazo Newton aliziandika kwa hati ya mkato mwaka 1662, akiwa na umri wa miaka 19. Humo amekiri kwamba alitengeneza mikate ya nyama au matunda Jumapili usiku, kwamba alimpiga dada yake ngumi, na kwamba alimtisha baba yake wa kambo na mama yake kuwachoma moto pamoja na nyumba yao. Baba mzazi alikufa kabla Newton hajazaliwa. Mama aliolewa tena mtoto akiwa na miaka mitatu, akamwacha kwa bibi. Yule mwanafunzi, ambaye naye amelelewa na bibi yake, aliweka karatasi chini akasema, "Mwalimu, mimi sioni hapa mtu anayependa upweke. Ninaona mtoto aliyeachwa." Hakuna aliyemjibu haraka.

Jumamosi ya tatu ikazidi kutuvuruga. Mwaka 1696 Newton aliingia kazini katika karakana ya serikali ya sarafu huko London, na mtu huyohuyo aliyeziambia kuta akaanza kuwawinda waghushi wa fedha, akitumia wapasha habari, akihoji mashahidi kwa makumi, na kumfuatilia mghushi mmoja, William Chaloner, hadi akanyongwa mwaka 1699. Kwa hiyo tuliuacha ule wino mzito, na tangu siku hiyo tuna masharti mawili. Kila tendo liandikwe pamoja na umri wa aliyelitenda na hali aliyokuwamo. Tena, hakuna ngazi inayojazwa kabla ya kumwona mtu katika hali tatu zisizofanana: peke yake kazini, katika ugomvi, na akiwa na madaraka mkononi. Ukinitaka nichague hali moja tu kati ya hizo, nitachagua ugomvi, maana pale mtu huwa hana nafasi ya kujipamba. Wakati Newton alipogombana na Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, juu ya nani aliyevumbua hesabu za mabadiliko, tume ya mwaka 1712 iliyoundwa kuamua jambo hilo ilikuwa chini ya jumuiya aliyoiongoza Newton mwenyewe, na mkono wake ulishiriki sana kuiandika ripoti. Kwenye ngazi ya upole, hilo linatosha.

Kuhusu Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, nitasema machache, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma habari za matembezi yake ya kila siku kwa saa ileile huko Königsberg, nikamtangaza kuwa mtu wa kujifungia. Mwenzangu akanionyesha kwamba Kant alipenda kuwa na wageni mezani, akitaka wasipungue watatu wala wasizidi tisa, na kwamba ujanani alipenda mchezo wa biliadi na alijulikana kwa kuvaa vizuri. Kushika saa kunahusu ngazi ya mpangilio. Ngazi ya uchangamfu ni nyingine. Nilikuwa nimezichanganya.

Kosa moja sisi wa Lubumbashi tuna vifaa vya kuliona kuliko wengine: kuchukua ukimya wa lugha kuwa ukimya wa haiba. Paul Dirac, mwanafizikia aliyezaliwa Bristol mwaka 1902, alikuwa mkimya kiasi kwamba wenzake wa Cambridge walitania kwa kubuni kipimo chenye jina lake, ambacho ni neno moja kwa saa. Mwenyewe alisimulia kwamba baba yake, Mswisi aliyefundisha Kifaransa, alimtaka azungumze Kifaransa tu wakati wa chakula, na kwa kuwa hakuweza kujieleza vizuri katika lugha hiyo, aliona afadhali anyamaze. Niliposoma hayo nilikumbuka biletini moja, ripoti ya mwanafunzi, niliyoijaza kwa kuandika "mtoto mkimya, hashiriki", na jinsi nilivyomkuta mtoto huyohuyo siku chache baadaye uwanjani, akizipanga timu mbili na kumkaripia mwamuzi, yote kwa Kiswahili. Darwin aliandika Kiingereza kwa watu wa Kiingereza; lakini kila unapomkisia mtu aliyefanya kazi katika lugha ya ugenini, kama Marie Curie wa Warsaw aliyeishi Paris, jiulize kwanza ushahidi wako umetoka katika lugha gani. Kwa Dirac tuliendelea kukubali kwamba alijielekeza ndani, maana hata katika Kiingereza hakuwa msemaji, na mwaka 1933 alifikiria kuikataa zawadi ya Nobel kwa kuogopa kutangazwa, hadi mwanafizikia mwenzake, Rutherford, alipomwonya kwamba kuikataa kungemtangaza zaidi.

Hakikisheni pia kwamba maneno mnayoyapima ni ya mtu huyo. Barua yenye sahihi ya Einstein kwa Rais Roosevelt, ya tarehe 2 Agosti 1939, inatugusa moja kwa moja, kwa kuwa inataja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani, na urani hiyo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mmoja wetu aliichambua kwa dakika 20 nzima, akiona katika sentensi zake mtu mwenye tahadhari na mpangilio. Aliyeiandaa barua ile ni mwanafizikia mwingine, Leo Szilard. Ukitaka mpangilio wa Einstein mwenyewe, soma masharti aliyomwandikia mkewe Mileva mwaka 1914, ndoa yao ilipokuwa ikivunjika: nguo ziwe safi, apelekewe milo mitatu chumbani mwake, na mke anyamaze akiambiwa anyamaze. Ukurasa ule mmoja una uzito kuliko picha zote za nywele zilizotimka.

Mwishoni kila kisio huandikwa kwenye kadi, nusu ya karatasi ya daftari inatosha, na kila ngazi hupewa alama ya uhakika kati ya 10 pamoja na jambo ambalo likigunduliwa litatulazimisha kubadili. Kadi ya Dirac inasomeka hivi kwenye ngazi ya tatu: "Uchangamfu: chini sana. Uhakika: 8. Tutabadili zikipatikana barua ndefu za ucheshi kwa watu wengi." Kadi isiyo na mstari huo wa mwisho haiingii kwenye kopo tunamohifadhi kadi zetu.

Watu walio hai hatuwakisii, kwa kuwa wanaweza kuulizwa, na kwa kuwa hawajaomba. Kadi iliyo wazi kwa sasa ni ya Mudimbe, mwanafalsafa na mwandishi wa Kongo, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, akalelewa na watawa wa Kibenedikto, akafundisha katika chuo kikuu cha hapa miaka ya 1970, na kufariki mwaka 2025. Vitabu vyake ni vingi, lakini vitabu ni nguo za kutokea. Tunachotafuta ni wazee waliokaa darasani mwake: aliingia vipi, alifanya nini mtu alipochelewa, alicheka kwa lipi. Wanafunzi wamegawana majina matatu, na kila mmoja ameagizwa amwendee mzee wake peke yake, asimtajie yule mwingine alivyosema, na aandike maneno kama yalivyotamkwa, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili.