Ukitoa Vioo vya Zamani Nyumba ya Mombasa, Ogopa Vumbi la Rangi

Wenzangu mnaokarabati nyumba za wazee Mji wa Kale, Majengo au Tudor huku mkiishi Marekani, kioo kikikukata utashonwa na utapona. Balaa iko kwenye vumbi la rangi kuukuu ya fremu, ambayo huenda ina madini ya risasi. Sisi lilitufuata hadi Minnesota. Huku watoto hupimwa damu wakifika mwaka mmoja na miwili, na wetu alikutwa na madini ya risasi kupita kiwango cha kufuatiliwa, ambacho tangu 2021 ni mikrogramu 3.5 kwa desilita.

Maswali ya watu wa afya yakaanza: wanja, bizari, sufuria tulizokuja nazo. Kuuliza ni haki yao, maana upo wanja uliokutwa na risasi kweli. Lakini hakuna aliyetaka kujua kama mtoto alikaa kwenye nyumba inayokarabatiwa. Ikabidi tueleze wenyewe kwamba likizo nzima tulilala chumba cha pili, fundi akipiga msasa mkavu madirisha ya sebuleni, na mtoto akitambaa sakafuni, vidole mdomoni. Wamarekani walipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978 na wanaijua hatari yake vizuri. Ila mtu akishaonekana mgeni, watapekua jiko lake kabla ya kumsikiliza. Linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo msasa mkavu, hapana. Nasema tena, hapana, hata kwa dirisha moja. Ami atakwambia kwenye simu, "Sisi tumekulia humu na rangi hii hii, mbona wazima?" Mjibu kwa heshima, lakini usikubali. Risasi haimlazi mtoto kitandani. Humwathiri ubongo polepole, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hata kama hamna uhakika na rangi, ihesabuni kuwa ina risasi. Wajawazito na watoto wadogo wahame mpaka kazi iishe na nyumba isafishwe. Kuhamia chumba cha pili si kuhama. Wala fundi asichome rangi kwa moto wa gesi ili puti inayogandisha kioo kwenye fremu ilainike. Moto mkali hutoa mvuke wa risasi.

Vibali mnavijua: kaunti, na kwa Mji wa Kale, watu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa uso wa nyumba. Vioo vipya viwe tayari kwanza, na msianze masika.

Kazi yenyewe: tandazeni plastiki ndani na nje. Fundi avae glavu nene, miwani, viatu vya kufunika mguu na barakoa ya kuchuja vumbi laini, si ya kitambaa. Kioo kibandikwe seloteipu pana pande zote mbili. Puti na rangi zinyunyiziwe maji, na zikikauka zinyunyiziwe tena. Puti iliyopigwa na jua na upepo wa chumvi huwa ngumu kama jiwe, basi imeguliwe kidogo kidogo, patasi isiegemee kioo. Ndani yake mna vimisumari vinavyoshika kioo. Ving'olewe vyote kwa koleo, kwani kimoja kikisahaulika kioo hupasuka kikivutwa. Kama kimeshavunjika, vianze kutoka vipande vya juu, visije vikaangukia mikono. Kioo hiki hakimeguki punje punje kama cha mlango wa gari, hukatika mapande marefu yenye ncha.

Msifagie. Pangusa kwa kitambaa kibichi, na plastiki ikunjwe vumbi likibaki ndani. Vioo viingie kwenye boksi, kisha gunia, lisiachwe kichochoroni ambako watoto wa madrasa hupita na kandambili.

Mkirudi huku, wapelekeni watoto wapimwe mapema, na mtaje madirisha nyinyi wenyewe kabla ya kuulizwa wanja. Damu ya kidole ikionyesha risasi nyingi, ombeni ipimwe ya mshipa, kwa sababu vumbi lililobaki kidoleni linaweza kuharibu majibu.