SOMO: Kupiga picha za machipukizi na maua kwa lenzi inayolazwa (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari zenu.

Kila msimu wa kuchipua unapoanza, napokea swali lile lile limebadilishiwa nguo tu: "Mbona picha zangu zote zimetoka ukungu mtupu?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu, basi.

Nazungumzia lenzi ambayo kichwa chake unakilaza upande, juu au chini kama shingo. Yangu ni Composer Pro ya kampuni ya Lensbaby, yenye kioo cha ndani kiitwacho Sweet 50, ila mengi hapa yanafaa kwa jamaa zake wote. Lenzi hii inakupa sehemu moja tu iliyo kali, na kuanzia hapo picha inayeyuka na kukimbilia pembezoni kwa michirizi. Ile sehemu kali mimi naiita kitovu. Ukilaza lenzi kushoto, kitovu kinahamia kushoto. Ukiilaza juu, kinapanda.

Na msimu wa kuchipua ndio wake hasa. Matawi bado yako nusu uchi, ua moja limewatangulia wenzake, na nyuma yake kuna fujo ya vitawi vya kijivu. Lenzi ya kawaida inakuonyesha fujo yote. Hii inaigeuza fujo ile kuwa michirizi, na michirizi yote inamrudisha mtazamaji kwenye ua. Majani yakishajaa mti mzima, nusu ya utamu umekwisha.

Hatua ya 1. Ingia kwenye menyu ya kamera, ruhusu kupiga picha bila lenzi. Lenzi hii haina mawasiliano ya umeme, kwa hiyo kamera inaamini mdomo wake uko wazi.

Hatua ya 2. Weka M, yaani mwanga uupange wewe mwenyewe. Ukilaza lenzi, kipimo cha mwanga cha baadhi ya kamera kinayumba, na ukiiachia kamera iamue utapata picha kumi zenye mwanga wa aina kumi.

Hatua ya 3. Kama kamera yako ina kituliza mtikisiko ndani ya bodi, iandikie kwa mkono kwamba lenzi ni ya milimita 50. Isipoambiwa inaweza kubaki na namba ya zamani. Ikidhani umefunga lenzi ya 200, itasahihisha mtikisiko kupita kiasi na kukuharibia picha yenyewe.

Hatua ya 4. Kando ya tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke bila kukaza jicho.

Hatua ya 5. Toka mapema, kabla upepo haujaamka. Siku ya mawingu mepesi ni rafiki wa maua meupe. Kukiwa na jua, jiweke uwe unalitazama kidogo kupitia kwenye petali.

Hatua ya 6. Anza na f/4 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Najua kioo hiki kinafunguka mpaka f/2.5 na mkono unakuwasha, lakini hapo kitovu ni kidogo mno kwa anayeanza. Kwa f/5.6 kitovu kinapanuka na kazi inakuwa rahisi. Ukifika f/11 umeshapoteza sababu ya kubeba lenzi hii. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, na upepo ukiwepo panda 1/500. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipandishe bila hofu, chenga kidogo hazijawahi kuua picha ya ua.

Hatua ya 7. LAZA KWANZA, NDIPO UFOKASI (yaani uzungushe pete ya lenzi mpaka ua liwe kali).

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo vumilieni nieleze kwa urefu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mti mmoja wa magnolia niliouvizia tangu matumba yake yakiwa na manyoya. Asubuhi ulipofunguka nilikuwa chini yake na jua halijatoka. Nikafanya kama nilivyozoea kwa lenzi za kawaida: nikafokasi ua likiwa katikati, likakaa kali kabisa, halafu nikalaza lenzi ili kitovu kisogee kwenye theluthi ya juu, nikabonyeza. Picha 340. Kwenye kioo kidogo cha kamera zote zilipendeza, maana kwenye kioo kidogo hata ukungu unaonekana mkali. Nyumbani nilipozifungua kwenye kompyuta, zilizokaa sawa zilikuwa nne, na hizo nne ni zile ambazo nilisahau kulaza. Usiku ule baridi kali ikashuka. Asubuhi yake petali zilikuwa za kahawia kama maganda ya ndizi. Nikasubiri mwaka mzima.

Sababu ni hii. Ukilaza lenzi hubadilishi tu mahali kitovu kilipo kwenye fremu, unabadilisha pia umbali ambao lenzi inauona kwa ukali. Fokasi uliyoipata kabla ya kulaza haipo tena. Na ua likiwa karibu, kwa f/2.5 kina cha ukali, kutoka mbele hadi nyuma, ni milimita chache tu, pumzi moja inatosha kukutoa. Kwa hiyo mpangilio ni huu, usiupindue: amua ua litakaa wapi kwenye fremu; laza lenzi kitovu kielekee hapo; kama lenzi yako ina kifunga cha kulaza, kaza; ndipo ufokasi. Ukilaza tena hata nywele moja, fokasi upya.

Tahadhari mbili za hatua hii hii. Kwanza, unapokuza picha kwenye skrini ili ufokasi, kisogeze kile kisanduku cha kukuzia kiwe juu ya kitovu. Kikibaki katikati utakuwa unakuza sehemu ambayo haitakuwa kali hata ukizungusha pete mpaka kesho. Pili, usiziamini sana zile rangi zinazowaka kuonyesha ukali. Kwa lenzi laini kama hii zinawaka hata pasipo na ukali wa kweli. Zitumie kukitafuta kitovu kilipo, kisha kuza ndipo uhakikishe.

Hatua ya 8. Ukishafokasi, acha pete. Yumba wewe mwenyewe mbele na nyuma polepole na upige picha tano au sita mfululizo. Moja itaangukia penyewe.

Hatua ya 9. Kuza picha ukiwa bado uko pale pale, sio ukifika nyumbani. Magnolia imenifunza.

Maswali yaje.

---

Mpole_wa_Porini: Mkuu nimenunua lenzi kama hiyo lakini haifokasi yenyewe, na kamera haipigi kabisa. Nimetapeliwa?

Mwandishi: Hatua ya 1. Na lenzi hizi zinafokasiwa kwa mkono, zote nilizozitaja.

Mpole_wa_Porini: Sijaona sehemu uliyosema ni za mkono.

Mwandishi: Nimesema haina mawasiliano ya umeme na kuna pete ya kuzungusha. Ulitaka fokasi ipite wapi? Ila sawa, sasa imeandikwa waziwazi.

Chavua: Asante kwa somo. Nina swali la kijinga labda. Niliwahi kuona picha za lenzi nyingine ya kulazwa ambapo sehemu kali ni mstari mrefu kama utepe. Yako ni duara. Kwa nini, ikiwa zote zinalazwa?

Mwandishi: Wala si la kijinga, nililisubiri. Kulaza ni jambo moja, umbo la ukali ni jambo jingine. Lenzi ya kawaida imesanifiwa ili ukali wake ukae kwenye uso bapa, kama karatasi iliyosimama mbele yako. Ukiilaza lenzi ya namna hiyo, karatasi nayo inalala, na wewe unaikata kwa upande, ndiyo maana unaona utepe. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyekuwa akishughulika na ramani za picha zilizopigwa kutoka angani. Hati yake ya ubunifu ni ya 1904, na mwenyewe alimtaja Mfaransa Jules Carpentier aliyetangulia mwaka 1901. Lensbaby wana kioo kinachofuata njia hiyo, Edge 50.

Sweet 50 imeachwa makusudi na kasoro. Uso wake wa ukali umepinda kama bakuli, kwa hiyo ua bapa linagusa sehemu ndogo tu ya bakuli, na hapo ndipo unapopata duara. Kasoro yenyewe ni ya zamani sana: lenzi ya picha za watu aliyoisanifu Joseph Petzval mwaka 1840 ilikuwa kali katikati na kulegea pembezoni kwa sababu ya mpindo huo huo.

Faida yake porini: ukiwa na mashina marefu ya maua yaliyosimama sambamba, Edge itakupa utepe unaopita kwenye vichwa vyote. Ukiwa na ua moja lililo peke yake, chukua bakuli.

Chavua: Nimeelewa sasa kwa nini maua yangu ya pembeni hayakai sawa hata nikiwa umbali ule ule! Bakuli limeshapinda.

Mwandishi: Umenielewa kuliko nilivyojieleza. Na jaribu kinyume chake: tafuta maua yaliyojipanga kwa mpindo, mengine mbele na mengine nyuma, uone kama bakuli litayapata mawili matatu kwa pamoja. Likitokea unajisikia mchawi.

KijanaWaPikseli: Kwa nini mtu ahangaike hivi wakati programu inaweka ukungu kwa sekunde mbili? Nguvu nyingi bure tu.

Mwandishi: Weka basi, nani kakuzuia.

KijanaWaPikseli: Nauliza tu mkuu, usikasirike.

Mwandishi: Sijakasirika, nimelijibu mara nyingi tu. Programu inachora ukungu juu ya picha iliyokwisha pigwa. Tone la umande likiwa limeungua kuwa jeupe tupu, programu haijui lilikuwa na mwanga kiasi gani, kwa hiyo inapaka doa la kijivu. Lenzi inautawanya mwanga wenyewe kabla haujafika kwenye kihisio (kile kinachopokea picha ndani ya kamera), na tone lile lile linakuwa mchirizi unaong'aa. Piga utando wa buibui wenye umande kwa njia zote mbili uweke picha hapa. Nitakuwa wa kwanza kukubali nikishindwa.

Tumba_la_Kwanza: Mimi nina lenzi ya Velvet 56, ya Lensbaby pia, hailazwi. Je somo linanihusu? Picha zangu kwa f/1.6 zinawaka kama kuna moshi.

Mwandishi: Hatua zote isipokuwa ya 7, na kwenye hatua ya 3 andika 56. Huo "moshi" ndio uliolipia. Miale inayopita pembezoni mwa kioo haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, kwa hiyo juu ya picha kali inakaa picha nyingine laini. Anza na f/2.8, moshi unabaki kidogo na stameni zinaonekana. Ila jambo moja: fokasi kwa tundu la lenzi (namba ya f) lile lile utakalopigia. Ukifokasi f/1.6 kisha ukabana kwenda f/4, sehemu kali inahama kidogo.

Tumba_la_Kwanza: Na kamera yangu ni ya kioo cha kujikunja (DSLR), nachungulia kwenye tundu la kuchungulia. Naona kali, inatoka si kali.

Mwandishi: Kwanza kile kigurudumu cha hatua ya 4. Kisha ujue vioo vya kuchungulia vya kamera nyingi za aina hiyo havikuonyeshi ulaini halisi wa f/1.6, vinakuonyesha kina kirefu kuliko kilichopo. Tumia skrini ya nyuma na ukuze. Utaonekana kituko umelala kwenye nyasi na kamera mbele ya uso, lakini ua halijali.

Mpole_wa_Porini: Nimewasha hiyo menyu, inapiga! Ila picha ni nyeusi.

Mwandishi: Uko M, kwa hiyo ongeza ISO au punguza kasi ya shata. Angalia pia kipimo: baadhi ya kamera ndogo za Nikon hazipimi mwanga kabisa kwa lenzi isiyo na mawasiliano. Kama ni hivyo, piga moja, tazama histogramu (grafu ya mwanga wa picha), rekebisha. Safari hii umeuliza vizuri.

Chavua: Swali la pembeni. Nataka kusogea zaidi kwenye tumba dogo, ila lenzi inagoma kufokasi.

Mwandishi: Sweet 50 haisogei karibu kuliko kama sentimita 38. Funga pete za kurefusha kati ya lenzi na kamera. Na hapa ndipo raha ilipo: kwa kuwa lenzi haina umeme, pete za bei ya chini kabisa zisizo na mawasiliano zinafanya kazi ile ile. Pete ya milimita 10 kwenye lenzi ya 50 inaongeza ukuzaji wa 0.2, yaani kitu cha sentimita moja kinaongezeka milimita mbili kwenye kihisio. Ila kila ukisogea, upepo unakuwa adui mkubwa zaidi.

Umande: Kwa upepo mimi nafunga waya mgumu kwenye kibanio cha nguo, nachomeka waya ardhini, kibanio kinashika kikonyo taratibu bila kukiponda. Na asubuhi za baridi nyuki anakuwa amezubaa juu ya ua, haruki mpaka apate joto. Unapata dakika nzima naye.

Mwandishi: La nyuki nililijua, la kibanio naliiba. Unakiweka upande gani?

Umande: Chini kabisa, nje ya fremu. Nina picha tatu nzuri sana za tulipu zenye kibanio chekundu pembeni, sikukiona mpaka nimeshazichapisha.

Mwandishi: Kilikuwa kikali?

Umande: Kuliko tulipu.