Kabla Hujamhukumu Soames: Namna ya Kuandika Maoni Kuhusu Tamthilia ya The Forsyte Saga

Mtu akimaliza kutazama The Forsyte Saga, tamthilia ya Kiingereza kuhusu ukoo wa matajiri wa London iliyotokana na riwaya za John Galsworthy, swali la kwanza analoulizwa na wenzake huwa ni moja: uko upande wa nani, wa Soames au wa Irene, mkewe? Maoni mengi ya watazamaji huishia hapo hapo. Mmoja huandika kwamba Irene ni mwanamke mwenye moyo mgumu asiyejua kushukuru, mwingine humjibu kwamba Soames ni mnyama, na mabishano hurefuka bila msomaji wa tatu, ambaye hajaitazama tamthilia yenyewe, kujua kama inafaa kuikeshea. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika maoni yatakayomfaa huyo msomaji wa tatu. Sehemu ya hadithi nitaitaja waziwazi, kwa hiyo asiyetaka kujua lolote mapema aitazame kwanza, kisha arudi.

Taja umetazama toleo lipi, na umelitazamaje

Matoleo yanayotajwa zaidi ni mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la BBC, lenye sehemu 26, lililoanza kuonyeshwa tarehe 7 Januari 1967, ambamo Soames aliigizwa na Eric Porter na Irene akaigizwa na Nyree Dawn Porter, waigizaji waliofanana jina la ukoo bila kuwa na undugu wowote. La pili lilitengenezwa na kampuni ya Granada na kuonyeshwa kwenye kituo cha ITV mwaka 2002, likaendelea 2003, na humo nafasi hizo zilichukuliwa na Damian Lewis na Gina McKee. Tofauti yao haiko kwa waigizaji peke yao. Toleo la 1967 linaendelea hadi kwenye riwaya tatu za baadaye, ambazo Galsworthy aliziunganisha kwa jina la A Modern Comedy, na ndiyo maana sehemu zake za baadaye ni habari za Fleur, binti wa Soames, aliyeigizwa na Susan Hampshire. Toleo la 2002 linakomea kwenye riwaya ya tatu, To Let. Anayeandika kwamba Fleur amemchosha bila kutaja toleo hajasema kitu, kwa sababu Fleur wa toleo moja tunaishi naye miaka mingi ya ndoa na makosa yake, ilhali wa lingine tunaachana naye angali kijana.

Toleo la 1967 lisilaumiwe kwa mambo yasiyo makosa yake. Halina rangi kwa kuwa BBC2 ilianza matangazo ya rangi mwezi Julai wa mwaka huo huo, tamthilia ikiwa imekwisha kurekodiwa. Sehemu kubwa yake ilifanyika studio, kamera ikikaa karibu na nyuso, na kwa hiyo nguvu yake imo katika mazungumzo marefu ya wajomba na mashangazi. Anayetaka mashamba na farasi atachoka mapema, na ana haki ya kusema hivyo, mradi akiri kwamba alikwenda dukani kununua chumvi akarudi akilalamika kwamba sukari haikukolea.

Jambo ambalo karibu kila mtu husahau kulitaja ni mwendo wake wa kutazama. Watazamaji wa kwanza walipewa sehemu moja kwa wiki kwa muda wa nusu mwaka. Iliporudiwa BBC1, Jumapili jioni, kuanzia mwaka 1968, watu wapatao milioni 18 walitazama sehemu ya mwisho, na baadhi ya makanisa yalisogeza saa za ibada ya jioni ili waumini wasilazimike kuchagua. Watu hao walipewa siku sita za kujiuliza kwa nini Irene amenyamaza. Wewe unayetazama sehemu tano usiku mmoja huna siku hizo, na ukimya uleule ambao kwao ulikuwa fumbo huenda kwako ukawa kero. Sentensi moja inayosema umetazama kwa siku ngapi humsaidia msomaji kuupima uchovu wako.

Chora ukoo

Chukua karatasi. Galsworthy aliwapa watu wa vizazi vitatu jina moja: yuko Jolyon mzee, yuko mwanawe Jolyon kijana (ambaye huendelea kuitwa kijana hata akiwa na mvi), kisha wako watoto wa huyo kijana, Jolly na Jon, waliozaliwa na mama tofauti. Nimesoma maoni ambayo mwandishi wake alimlaumu baba kwa kosa la mtoto. Andika pia kwamba Soames na Jolyon kijana ni binamu, watoto wa ndugu wawili, kwa maana wote wawili watampenda Irene, na uzito wa hadithi nzima umelalia hapo.

Soma mlango wa kwanza wa riwaya

Hulazimiki kusoma riwaya zote. Soma mlango wa kwanza wa The Man of Property, iliyochapishwa mwaka 1906, halafu ulinganishe na dakika za kwanza za toleo lako. Kitabu kinaanza alasiri ya tarehe 15 Juni 1886, nyumbani kwa Jolyon mzee katika mtaa wa Stanhope Gate, ukoo mzima ukiwa umekusanyika kwa ajili ya uchumba wa mjukuu wake June na Philip Bosinney, msanifu majengo asiye na fedha. Msomaji anaingizwa sebuleni kama mgeni asiyemjua mtu, akaachwa abahatishe nani anamchukia nani. Toleo la 1967 linaanza miaka saba nyuma, mwaka 1879, likituonyesha kwa macho yetu jinsi Jolyon kijana alivyomwacha mkewe kwa ajili ya mwalimu wa mtoto wake, jambo ambalo kitabuni ni aibu ya zamani inayonong'onwa.

Hapa ndipo maoni mengi hupungukiwa. Kuandika kwamba "wamebadilisha mwanzo" ni kutoa taarifa, na taarifa hiyo msomaji angeipata popote. Andika badiliko limefanya nini. Kwa maoni yangu, kuanzia 1879 kunampa Jolyon kijana nafasi ya kupendwa mapema mno. Tukifika mahali anapogombana na Soames, tumekwisha kumwona akiteseka kwa ajili ya mapenzi, na kesi imeamuliwa kabla mashahidi hawajaitwa. Mwingine anaweza kusema kwamba bila kuanzia huko, mtazamaji wa televisheni angepotelea katika umati wa wajomba wenye ndevu. Hoja zote mbili zinaeleza kazi ya badiliko, na mabishano kati yake yana faida.

Irene: mtu asiyekuwamo kitabuni

Katika utangulizi alioandika mwaka 1922, riwaya tatu za kwanza na visa viwili vifupi vilipotolewa katika juzuu moja, Galsworthy alieleza kwamba Irene hajitokezi kabisa isipokuwa kupitia hisia za wahusika wengine. Tunaona anavyoonekana na Soames, na Jolyon mzee, na June. Hatuingii kichwani mwake hata mara moja. Karatasi inaweza kufanya hivyo. Televisheni haiwezi. Lazima mwigizaji wa kweli aingie chumbani akiwa na uso, sauti na namna ya kukaa kitini, na kila anapokaa kimya mtazamaji hujaza ukimya huo kwa tafsiri yake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba Irene ana moyo mgumu, jiulize unamhukumu nani. Je, ni mwanamke wa Galsworthy, aliyechorwa kwa makusudi bila sauti ya ndani? Je, ni waandishi wa tamthilia, walioshindwa kumtafutia maneno? Au ni mwigizaji? Waliolalamika kwamba Gina McKee hana nywele za dhahabu na macho meusi yanayotajwa kitabuni walikuwa sahihi kuhusu nywele, ila hawakutueleza lolote kuhusu uigizaji. Nyree Dawn Porter ndiye aliyelikaribia umbo la kitabu, mrembo aliyetulia ambaye wanaume humtazama kama picha ya ukutani. McKee alichagua kumfanya Irene mtu mwenye hofu inayoonekana mabegani, na mimi namwelewa zaidi huyu wa pili, ingawa nakiri kwamba sielewi vizuri kwa nini wanaume wote wa ukoo wanapagawa anapopita. Chagua tukio moja, ueleze mwigizaji alifanya nini kwa mikono na macho, kisha ndipo useme umeamini au hukuamini.

Usiku ule

Kuna tukio ambalo huwezi kulikwepa. Soames, baada ya kufungiwa mlango na mkewe kwa muda mrefu, anamwingilia kwa nguvu. Riwayani hatulioni. Sura inafunguliwa asubuhi, Soames anakula kiamshakinywa peke yake, na msimulizi anatuambia, kwa kejeli inayokata kama wembe, kwamba usiku uliopita alikuwa hatimaye ametumia haki zake na kutenda kama mwanamume. Matoleo ya televisheni yalilileta tukio mbele ya kamera. Ukiandika juu yake, eleza tofauti hiyo: kitabuni tunaachwa na mtu anayejaribu kusoma gazeti huku kilio cha mkewe kikimrudia kichwani, kwenye televisheni tunamwona mkosaji na aliyekosewa kwa pamoja, na huruma yetu hugawanyika kwa namna nyingine.

Makosa mawili hufanyika hapa. Kosa la kwanza ni kuandika kana kwamba Irene angeweza kufunga virago asubuhi hiyo, akaenda mahakamani na kupata talaka. Sheria ya mwaka 1857 ilimruhusu mume kumtaliki mke kwa kuthibitisha uzinzi pekee. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa, na usawa ulikuja mwaka 1923. Tamthilia yenyewe inakuonyesha sheria hiyo ikifanya kazi kwa Winifred, dada yake Soames, ambaye mumewe Montague Dartie ametorokea Buenos Aires pamoja na mcheza dansi na lulu za mkewe. Ili athibitishe kutelekezwa, Winifred analazimika kuiomba mahakama imwamuru mumewe arudi nyumbani, hali moyoni anaomba asirudi. Dartie anarudi. Watu hucheka tukio hilo, na lina haki ya kuchekwa, lakini ndilo ufunguo wa mlango wa chumba cha Irene.

Kosa la pili ni la wale wanaosema kwamba "ndivyo nyakati zilivyokuwa", kwa hiyo Soames asilaumiwe. Ni kweli kwamba mahakama za Uingereza zilikuja kutamka kwamba mume anaweza kumbaka mkewe mwaka 1991 tu, kwa uamuzi wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mtazamaji wa 1967 alikuwa akiishi chini ya sheria ileile ya zamani. Hata hivyo, Galsworthy alikuwa mtu wa nyakati hizo hizo na hakuhitaji kusubiri 1991. Ada, mwanamke aliyempenda tangu mwaka 1895, alikuwa mke wa binamu yake, na walisubiri miaka kumi kabla ya kuoana mwaka 1905. Kejeli ya asubuhi ile iliandikwa na mtu aliyeujua uchungu wa ndoa ya namna hiyo kwa karibu.

Soames, na tofauti kati ya kumhurumia na kumtetea

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba filamu ina steringi na adui, na kwamba steringi hafi. Soames huvuruga mpango huo. Ni adui katika sehemu za mwanzo, kisha taratibu, bila kutubu waziwazi, anakuwa mtu ambaye tunaingia sebuleni tukimtafuta kwanza. Eric Porter alilifanya hilo kwa ukakamavu wa shingo na midomo iliyobanwa. Damian Lewis alilifanya kwa macho ya mtoto aliyenyimwa.

Ukitaka kulieleza vizuri, lipime kwa tukio la kuzaliwa kwa Fleur. Daktari anamwambia Soames kwamba akimfanyia mkewe wa pili, Annette, upasuaji, mama atapona lakini mtoto atakufa. Asipomfanyia, mtoto ataishi na mama huenda akafa. Soames anachagua mtoto. Wote wawili wanapona, na mtoto ni wa kike, na Soames anampenda kuliko kitu chochote alichowahi kukimiliki. Sasa jiulize: je, yule aliyeamua ni baba, au ni mtu anayelinda mali? Mimi nimelitazama tukio hilo mara tatu na jibu langu limebadilika mara mbili. Andika jibu lako la sasa pamoja na kilichokufanya ulichague, na usione haya kusema kwamba ulimlilia mtu ambaye bado hujamsamehe.

Mavazi, mabehewa na samani unaweza kuvipa sentensi moja. Ni vizuri katika matoleo yote mawili na havijawahi kumfanya mtu aendelee hadi sehemu ya kumi.

Mwisho, kabla hujayatoa maoni yako, yapitie ukitafuta mambo yanayomnyima mwenzako utamu, na uamue lipi linastahili kubaki kwa ajili ya hoja. Mimi nimetaja kuzaliwa kwa Fleur kwa sababu bila tukio hilo nisingeweza kueleza huruma ninayoisema. Namna toleo la 1967 linavyommaliza Soames, na picha iliyohusika, nimeiacha ilipo.